Mishumaa ya Manukato Kutoka Jikoni: Iwashe Mwenyewe Kabla ya Kuiuza

Asali ikisharinwa na kukamuliwa, masega hubaki. Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kwenye maeneo makavu ya Ganze na Magarini, si ajabu kukuta masega hayo yametupwa nyuma ya jiko, yakingoja siafu au nondo wa nta. Safari fupi kutoka hapo, Watamu na Malindi, ni kawaida kuona mshumaa wa manukato ndani ya glasi kwenye duka la zawadi au kando ya kitanda cha mgeni wa hoteli. Kati ya sega lililotupwa na mshumaa huo kuna kazi inayoweza kufanyika katika jiko la kawaida la nyumbani.

Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji sufuria mbili, mizani ndogo ya jikoni, kipimajoto, utambi unaofaa, na uvumilivu wa wiki kadhaa. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana mara nyingi. Anayeanza huvutwa na rangi na harufu, akamwaga glasi 30 siku ya kwanza na kuzipeleka sokoni siku ya pili. Wiki moja baadaye wanunuzi huanza kurudi: mshumaa umezimika ukiwa nusu, glasi imepasuka, ukuta umeingia masizi. Makosa ya mshumaa ni ya aina mbili, yanayomaliza mtaji na yanayochoma nyumba, na mengi yana chanzo kimoja: mshumaa uliuzwa kabla haujawashwa na aliyeutengeneza.

Kinachowaka si utambi

Watu wengi hudhani utambi ndio unaowaka na nta ipo tu kuushikilia. Mambo ni kinyume. Kipande cha nta kigumu kikishikiwa kiberiti hakiwaki, huyeyuka tu. Mshumaa ukiwashwa, joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu, nta hiyo hupanda kwenye utambi kama mafuta taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na juu hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaowaka. Mwanasayansi Michael Faraday alitumia mihadhara sita huko London, mwishoni mwa mwaka 1860 na mwanzoni mwa 1861, kuwaeleza vijana mambo ya mshumaa mmoja tu, na mojawapo ya majaribio yake linaweza kufanywa mezani leo: mshumaa uliowaka kwa muda ukizimwa taratibu, moshi mweupe huinuka kutoka kwenye utambi, njiti ya kiberiti ikishikwa ndani ya moshi huo, kidogo juu ya utambi, moto hurukia chini na mshumaa huwaka tena bila utambi kuguswa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtengenezaji. Utambi ni bomba. Ukiwa mnene kupita kiasi, hupandisha nta nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza, na matokeo yake ni mwali mrefu unaorukaruka, masizi, na glasi yenye moto mkali. Ukiwa mwembamba, huyeyusha shimo jembamba katikati na kuacha ukuta wa nta pembeni, kisha huzama kwenye nta yake na kuzimika. Nta ile ile na glasi ile ile zinaweza kutoa mshumaa mzuri au mbaya kutegemea utambi peke yake.

Ndiyo maana uzi wa kushonea, kamba ya mkonge au kitambaa kilichosokotwa havifai. Tambi za zamani zilikuwa za kusokotwa, na ilibidi mtu akae na mkasi akate ncha yake kila mara. Mnamo 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès alileta utambi wa pamba uliosukwa kama nywele. Utambi wa kusukwa hujipinda kidogo unapowaka, ncha yake hutoka nje ya mwali na kuungua yenyewe. Huo ndio unaouzwa hadi leo kwa ukubwa mbalimbali, na ndio wa kununua. Tambi zenye waya wa risasi ndani ziepukwe kabisa, kwa kuwa moshi wake hubeba risasi. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003. Namna ya kuzitambua ni rahisi: ncha ya waya ikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe, risasi huacha alama ya kijivu kama ya penseli.

Nta ipi inafaa Pwani

Kwanza, jina moja linaloleta mkanganyiko. Katika nyumba nyingi parafini ni mafuta taa. Nta ya parafini ni kitu kingine: ni nta nyeupe ngumu itokanayo na mafuta ya petroli, na ndiyo iliyomo katika mishumaa ya kawaida ya dukani, ile inayowashwa stima ikipotea. Mafuta taa hayatiwi kwenye mshumaa kwa sababu yoyote ile.

Nta ya nyuki ndiyo mali iliyo karibu zaidi na mkazi wa kaunti hii. Nyuki hukadiriwa kutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta, kwa hivyo sega linalotupwa ni gharama ambayo nyuki ameshailipa. Kuisafisha si vigumu, ila kuna mambo madogo yanayoamua ubora. Masega yaliyokamuliwa huoshwa kwa maji baridi ili asali iliyobaki itoke. Yale meusi ya zamani, yaliyolelewa majana, hutengwa kwa sababu yana nta kidogo na uchafu mwingi. Masega hulowekwa usiku mmoja, kisha hufungwa ndani ya kitambaa cha pamba na kuwekwa kwenye sufuria ya maji juu ya moto mdogo. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Visima vingi vya Pwani vina maji magumu, na maji magumu hufanya sehemu ya nta igeuke kitu kama sabuni, ikawa laini na yenye rangi ya kijivu.

Maji hayaachwi yachemke kwa fujo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi, na ikipita 85 kwa muda mrefu huanza kuwa nyeusi na kupoteza ile harufu yake ya asali. Furushi hukamuliwa kwa vijiti viwili ndani ya maji, nta huelea juu, na sufuria hufunikwa na kuachwa ipoe polepole hadi asubuhi. Kinachopatikana ni kisahani cha nta juu ya maji, chenye tope la kahawia upande wa chini. Tope hukwanguliwa kwa kisu, nta huyeyushwa tena na kuchujwa kwa kitambaa safi. Sufuria ya kawaida ya alumini haina tatizo. Chuma chenye kutu, shaba na mabati hubadilisha rangi ya nta. Kazi hii hufanywa jioni au ndani ya chumba kilichofungwa, maana harufu ya nta moto mchana huwaita nyuki wa kijiji kizima.

Masega hayafai kukusanywa kwa miezi yakingoja yawe mengi. Nondo wa nta hutaga humo, na viwavi wake hubakisha utando na vumbi. Ni afadhali kuyeyusha kidogo kidogo na kuweka vipande safi, ambavyo hukaa miaka.

Mshumaa wa nta ya nyuki huwaka polepole na una harufu yake hafifu ya asali, ambayo kwa wanunuzi wengi inatosha. Kuutia manukato makali ni kupigana na ulicho nacho. Nta hii pia huhitaji utambi mnene kuliko nta nyingine, na ikipoa haraka hupasuka. Kwa mshumaa wa glasi, baadhi ya watengenezaji huilainisha kwa mafuta ya nazi, kwa mfano sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya mafuta. Kuzidisha mafuta ya nazi hakufai hapa. Mafuta hayo huganda Nairobi asubuhi za Julai, lakini Kilifi huwa maji karibu mwaka mzima, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi.

Nta ya soya hununuliwa ikiwa vipande vidogo, na ndiyo wanayoanzia watu wengi wa mishumaa ya manukato, kwa kuwa hupokea harufu vizuri na huoshwa kwa sabuni na maji moto. Udhaifu wake ni joto: ile ya glasi huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Mariakani hulainika na kuanza kutoa jasho la mafuta. Haifai mshumaa wa kusimama peke yake bila chombo. Kwa mshumaa wa kusimama, unaotolewa kwenye kalibu, nta ya nyuki au parafini ngumu iliyoongezwa stearini ndiyo inayohimili hali ya hewa ya huku.

Harufu hupimwa kwa mizani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Manukato ya mshumaa ni mafuta, na sharti yawe mafuta yaliyokusudiwa mishumaa. Pafyumu ya kupulizia mwilini ina spiriti nyingi. Haichanganyiki na nta, na ikitiwa kwenye nta moto karibu na jiko mvuke wake unaweza kulipuka moto. Marashi ya waridi, yale ya kunyunyizia wageni kwa mrashi, ni maji. Tone la maji likibaki ndani ya nta, mshumaa hutatarika na kurusha cheche. Unga wa udi na karafuu zilizosagwa huziba utambi. Maua ya asumini na vilua yaliyolowekwa kwenye mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, lakini ndani ya mshumaa harufu yake huwa hafifu mno. Anayetaka harufu ya karafuu au mchaichai anahitaji mafuta ya karafuu au ya mchaichai yaliyokenekwa.

Kipimo ni uzito, si kijiko wala kifuniko cha chupa. Kwa nta ya soya, asilimia 6 ni mahali pazuri pa kuanzia: gramu 60 za manukato kwa kilo moja ya nta. Nyingi hazipokei zaidi ya asilimia 10, na kinachozidi hutoka juu kama jasho, hukusanyika karibu na utambi na kuwaka kwa mwali mkubwa. Kwa joto la Pwani, kubaki chini ni busara. Chupa halali ya manukato huwa na karatasi inayotaja kiwango cha joto ambacho mvuke wake unaweza kushika moto. Muuzaji asiyeweza kutoa maelezo hayo aachwe na bidhaa yake.

Rangi nayo ina mitego. Rangi ya chakula ni ya maji na haishiki kwenye nta. Krayoni za watoto huyeyuka vizuri na kudanganya jicho, kisha chembe zake huziba utambi na mshumaa hufifia baada ya nusu saa. Rangi ya mishumaa huuzwa kwa vipande, na kipande kidogo hutosha nta nyingi.

Jambo lingine lahitaji kusemwa wazi. Mshumaa wa mchaichai si kinga ya mbu wa malaria. Harufu yake inaweza kupunguza mbu kidogo karibu kabisa na mshumaa, lakini haichukui nafasi ya chandarua kilichotiwa dawa. Aidha, bidhaa inayouzwa kwa madai ya kufukuza mbu huhesabiwa kuwa ya kudhibiti wadudu, na bidhaa za aina hiyo husajiliwa na bodi ya kitaifa ya PCPB. Mtengenezaji mdogo aandike "harufu ya mchaichai" na aishie hapo.

Kuyeyusha na kumwaga

Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Huwekwa kwenye sufuria ndogo au jagi la chuma, na hilo huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka pole pole. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hivyo nta nayo haiwezi kupita hapo. Maji yakikauka kinga hiyo hutoweka, na ndiyo sababu ya kutoondoka jikoni hata kwa dakika moja kwenda kupokea simu.

Kujua nta inayohitajika, glasi tupu huwekwa kwenye mizani, ikajazwa maji hadi pale nta itakapofika, na uzito wa maji ukazidishwa kwa 0.9 kwa soya au parafini. Maji ya gramu 190 yanamaanisha nta ya gramu 170 hivi. Kisha glasi hukaushwa kabisa.

Utambi hubandikwa katikati ya sakafu ya glasi kwa kikalio chake cha chuma na kushikiliwa wima juu kwa vijiti viwili vya mishikaki au kibanio cha nguo. Soya hupashwa hadi nyuzi 80 hivi, manukato huongezwa na kukorogwa taratibu kwa dakika mbili bila kupiga mapovu, na nta humwagwa ikishashuka hadi kati ya 55 na 65. Nta ya nyuki humwagwa ikiwa moto zaidi, kwenye 70 hivi, na glasi yake hupashwa kidogo kwanza. Mishumaa huachwa ipoe mbali na feni na dirisha lenye upepo wa bahari. Ule wa soya hupumzishwa wiki moja au mbili kabla ya kuwashwa, ili harufu ikae. Wa parafini siku chache. Wa nta ya nyuki unaweza kuwashwa kesho yake.

Mabaki ya nta hayamwagwi kwenye sinki wala mtaro. Huganda ndani ya bomba na hakuna dawa ya kuzibua inayoyayeyusha. Sufuria hupanguswa kwa karatasi ikiwa bado moto.

Saa nne mezani

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Kwa kila aina ya glasi, nta na manukato, hutengenezwa mishumaa ya majaribio yenye tambi za ukubwa tofauti, angalau tatu: ule unaopendekezwa na muuzaji, mmoja mdogo zaidi na mmoja mkubwa zaidi. Kila mmoja huandikwa alama. Utambi hukatwa ubaki nusu sentimita, mishumaa huwashwa pamoja kwenye meza isiyo na upepo, na saa huangaliwa.

Baada ya saa moja, kidimbwi cha nta iliyoyeyuka kinapaswa kuwa kimeanza kupanuka pande zote sawasawa. Baada ya saa tatu au nne kiwe kimefika au kukaribia ukingo wa glasi, kina chake kikiwa sentimita moja hivi, si zaidi. Mwali utulie. Glasi iwe ya moto lakini mkono uweze kuishika. Ncha ya utambi ikiota kofia nyeusi kama uyoga na glasi ikaingia masizi, utambi ni mkubwa au manukato yamezidi. Ukuta mnene wa nta ukibaki pembeni, utambi ni mdogo, ingawa kwa muwasho wa kwanza wa nta ya nyuki ukuta mwembamba si kosa.

Kisha mshumaa huzimwa, hupoa kabisa, hukatwa utambi tena, na siku inayofuata mambo huanza upya, mpaka mwisho wa mshumaa. Mshumaa wa gramu 170 unaounguza gramu 5 kwa saa utadumu saa 34, yaani vikao vinane au tisa vya saa nne. Wengi huacha baada ya kikao cha kwanza kwa kuwa mshumaa unaonekana mzuri. Hatari kubwa iko kwenye kikao cha mwisho: mwali uko chini kabisa ya glasi, hewa ni kidogo, joto limefungiwa, na kikalio cha utambi kinagusa sakafu. Hapo ndipo glasi nyembamba hupasuka. Mtengenezaji ambaye hajawahi kuona mwisho wa mshumaa wake anamwachia mnunuzi ndiye auone.

Kikibadilishwa kitu kimoja, hata manukato tu kutoka asumini kwenda karafuu, jaribio hurudiwa. Mafuta mazito hupunguza kasi ya utambi.

Pambo lisilowaka

Mishumaa ya mapambo huuzwa kwa macho, na hapa ndipo watu hutia maua makavu, buni, maganda ya machungwa, vijiti vya mdalasini na vipande vya makuti juu ya nta. Nta ikiyeyuka, vitu hivyo huelea na kusogea hadi kwenye mwali, na kila kimoja huwa utambi mpya. Glasi yenye miali mitatu huweza kupasuka. Pambo la mimea likae nje ya glasi au kwenye kifungashio. Kwenye mshumaa mnene wa kusimama, maua yaliyokaushwa yanaweza kubandikwa ubavuni, mbali kabisa na pale kidimbwi kinapofika.

Kifuu cha nazi kinahitaji neno la peke yake. Kinapendeza, hakigharimu, na wageni hukipenda. Lakini kila mpishi wa Pwani anajua kifuu kinavyowaka; ndicho kinachokoleza jiko la makaa. Tena kina macho matatu, na moja huvuja nta. Anayetaka kukitumia aweke ndani yake kikopo kidogo cha bati au glasi, na nta ikae humo, kifuu kibaki kuwa nguo ya nje tu. Vikombe vya udongo visivyopakwa vioo hunyonya nta na vinaweza kushika moto upande wa nje, hivyo navyo vifanyiwe vivyo hivyo.

Nta ikishika moto

Nta ikifuka moshi jikoni, iko karibu na kuwaka. Moto huzimwa chini yake mara moja. Ikiwa imeshika, sufuria hufunikwa kwa kifuniko au sinia la chuma, gesi hufungwa, na sufuria huachwa pale pale ilipo hadi ipoe. Haibebwi kupelekwa nje. Maji hayamwagwi kamwe: huzama chini ya nta, hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha nta inayowaka hadi kwenye paa. Katika nyumba ya makuti, hilo linatosha kumaliza mji mzima kabla jirani hajaja na ndoo, na upepo wa kusi haungoji mtu. Kwa sababu hiyo mwenye jiko la makuti ayeyushe nta kwenye uwanja wazi au chumba cha mabati. Zimamoto cha unga wa kemikali au blanketi la kuzimia moto ni gharama ya kwanza ya biashara hii, kabla ya manukato. Nambari za dharura ni 999 na 112, na hazilipishwi.

Aliyemwagikiwa nta moto hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Nta iliyogandia kwenye ngozi haibanduliwi kwa nguvu. Hilo ni la mhudumu wa afya. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havipakwi. Watoto wasiwe jikoni wakati wa kazi hii.

Hesabu, leseni na karatasi ya chini ya glasi

Chukulia mtu amenunua kilo 5 za nta na glasi za gramu 170. Majaribio ya tambi tatu, kila moja katika glasi mbili, humeza glasi sita, yaani kilo moja ya nta. Kilo 4 zinazobaki hutoa glasi 23 za kuuza. Gharama ya zile sita, pamoja na glasi zake, manukato, gesi na nauli, hugawanywa juu ya hizi 23 kabla bei haijatajwa. Asiyefanya hesabu hiyo huuza kwa hasara huku akidhani anapata. Kuanza kwa mkopo si shauri zuri kwa biashara ambayo wiki zake nne za kwanza hazina cha kuuza. Kikundi cha akina mama au vijana kinachochanga kidogo kidogo, au ushirikiano na mrina asali anayetoa nta kwa mgao, huvumilia zaidi.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, leseni za biashara na huduma za zimamoto ziko mikononi mwa kaunti. Anayeuza kwa jirani mmoja mmoja akijaribu soko hana haja ya kuogopa ofisi, lakini anayefungua kibanda au kupeleka mzigo hotelini aanze na afisa wa biashara wa kaunti ndogo kwa ajili ya kibali, na aulize ukaguzi wa usalama wa moto wa mahali pa kazi. Maduka makubwa huuliza pia alama ya ubora ya KEBS. Shirika hilo lina ofisi Mombasa, na ni vyema kuuliza masharti mapema, kabla ya kuchapisha vifungashio mia moja ambavyo vitalazimika kuchapishwa upya.

Karatasi ya chini ya glasi itaje jina na mawasiliano ya mtengenezaji, uzito wa nta, na maagizo kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaisoma: kata utambi hadi nusu sentimita kila kabla ya kuwasha, usiwashe zaidi ya saa nne kwa mara moja, weka mbali na pazia, chandarua, watoto na paka, usiuache ukiwaka chumba kikiwa hakina mtu, fungua dirisha ikiwa mwenye pumu yupo, acha kutumia nta ikibaki sentimita moja. Mzigo unaopelekwa Malindi kwa matatu husafirishwa asubuhi, ndani ya katoni, glasi zikisimama wima, na haukai juu ya injini.